Vijiti Ndani ya Kabuti ya Babu

Harufu ya kabuti yenye kulowana njo ilinirudisha kule. Nilikuwa Beni, mu commune ya Ruwenzori, kwa binti yangu Masika, na mvua ilikuwa imetufungia ndani tangu asubuhi. Mulinzi wake alitundika kabuti yake ya zamani ku musumari wa koridoo, maji inatona chini polepole, na ile harufu ya sufu, ya moshi na ya tumbaku ikatembea mpaka mu salon ya nyumba mahali nilikuwa nimekaa. Mugongo ulikuwa unaniuma kwa sababu ya barabara ya Butembo. Simu zangu zililia, zikanyamaza, zikalia tena. Sikutaka kujibu. Siku hizi inanifikiaka hivyo: ninaangalia simu inalia na ninasikia uchovu kama mutu mwenye amebeba gunia na hajui atalitua wapi.

Masika ni mwalimu wa Kiingereza. Mimi mwenyewe njo nilimulipia masomo mpaka mwisho, na ninalisema mbele ya kila mutu, juu mimi niliacha masomo pale batoto bengine banaanza kuzoea kushika kalamu. Alikuwa anatayarisha somo ku meza, miwani ku pua, akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Papa, mu Kiingereza, sehemu moja ya udongo wenye bamegawa banaiita lot. Unajua ile neno ilitokea wapi?"

"Mama, mimi Kiingereza yangu ni ya bei tu. Last price, basi. Hiyo ingine sijui."

"Ilitokea ku kijiti."

"Kijiti namna gani?"

"Kijiti ya kawaida, papa. Ao kajiwe. Zamani sana kwa Baingereza, lot haikukuwa udongo, ilikuwa kale kakijiti. Kila mutu anaweka yake mu kofia ao mu nguo, banachanganya, kisha mutu anatosha inje moja moja. Kijiti yako ikitoka, ile sehemu ni yako. Batu bakasahau kijiti, jina ikabakia ku udongo. Hata Bafaransa balikuwa nayo, ni ile ile. Si unasikia ba-géomètre ya hapa, benye kupima udongo, banasema lotissement?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati, na ile kabuti inanuka mu koridoo.

"Hiyo," nikamwambia, "wewe umeisoma. Mimi niliifanya. Na huu mukono."

Akacheka. "Papa, wewe tena! Hata neno ya Baingereza ni wewe uliianzisha?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Mimi ninajisifuka, siwezi kukatala. Nilianza na pompi ya baiskeli kando ya njia, ninajaza batu upepo, na leo pikipiki nyingi zenye munaona zinapita mu Butembo zinatembea na minyororo yenye ilitoka mu depot yangu. Nina étage, nyumba ya gorofa. Nina camion ya kubeba mizigo. Nilifika Dubai, nilifika Guangzhou, nilikula huko na mikono mbele ya bazungu na hakuna mwenye alinicheka. Hakuna mutu alinipatia kitu. Lakini kwa ile jambo ya vijiti sikukuwa ninajisifu, na sikukuwa na nguvu ya kumuelezea mwanangu. Ninaandika hapa kwa ajili yenu ba umri wangu, wenye mulizaliwa mu milima kabla haijakuwa quartier za mji, na munajua baridi ya asubuhi ilikuwaka namna gani pale hakukuwa bado mabati.

Mulima wetu ulikuwa nyuma ya Rughenda, kiwanja ya ndege ya Butembo, upande wenye ndege ndogo zinageukia mbele ya kutua. Leo kuko nyumba juu ya nyumba. Wakati huo kulikuwa kahawa, migomba, maharagi, na chini kabisa bonde la majimaji mahali tulikuwa tunalima viazi vitamu. Babu alikuwa anakaa katikati. Alikuwa na kabuti moja nzito, rangi ya majivu, yenye Mubelgiji mumoja alimuachia alipoondoka, na aliivaa kila siku, mvua ao jua. Alinipatia jina lake. Kwa hiyo alikuwa ananiita "mukubwa mwenzangu", na mimi nilikuwa ninaamini kabisa kwamba tuko sawa, isipokuwa yeye alikuwa na kabuti na mimi hapana.

Baba yangu Kasereka alikuwa mutoto wake mwanaume wa tatu. Alikufa ku barabara ya Beni, juu ya camion ya mbao yenye ilikosa breki mu muteremuko. Babu hakukaa sana nyuma yake. Maharagi yaliyopandwa wakati wa kilio cha baba, tuliyavuna kwa kilio cha babu. Ikabaki nduguze baba batatu: baba mukubwa Paluku, mwenye alikuwa catéchiste na alikuwa anasali mpaka chakula kinapoa, baba mukubwa Kambale, mwenye alikuwa anapita asubuhi akiangalia migomba kama vile ndizi zinaweza kumutoroka, na mudogo wao, baba mudogo Kakule, ambaye hakukuwa bado ameoa. Mulima haukukuwa umegawiwa. Saa ya kuugawa ikafika.

Sasa sikilizeni ginsi jamaa yetu ilikuwa inagawa. Sijui kama milima ingine balifanya hivyo. Kwetu ilikuwa hivyo na hakuna mutu aliuliza kwa nini. Udongo haukugawiwa na mutu muzima, juu mutu muzima ana tumbo na ana bibi. Mwenye kugawa alikuwa marehemu mwenyewe. Banavalisha nguo yake mujukuu mwenye kubeba jina lake. Kila murithi anakata kijiti, anakitia mu mufuko wa ile nguo. Kisha bote banapanda mulima, banashuka nao tangu kichwa mpaka bondeni, na ku kila sehemu mujukuu anaingiza mukono mu mufuko, anatosha kijiti kimoja, anakisimamisha mu udongo. Mpaka kijiti kimesimama, hakuna mutu anasema neno. Kikisha simama, hakuna mutu anakigusa. Marehemu amesema.

Mujukuu huyo nilikuwa mimi.

Ninyi mutaona ni heshima kubwa, na mimi leo ninaona vile. Lakini wakati ule niliielewa yote vibaya, na kuna sababu. Siku chache kabla ya kugawa, nilikuwa ninatafuta mayai ya kuku wetu moja mwenye alikuwa anatagia mu kahawa, na baba mukubwa Paluku na baba mukubwa Kambale balikuwa upande ingine wa miti banakunywa kasikisi, pombe ya ndizi. Nikasikia Kambale anasema:

"Mwenye atapata sehemu ya nyumba ya Kasereka, atapata na benye kuwa ndani. Mwanamuke na batoto. Haiwezekane nyumba iende huku, batu baende kule."

Paluku akajibu: "Marehemu ataona mwenyewe."

Ni hiyo tu. Lakini mimi nilisimama pale na yai moto mu mukono, na nikajua kazi yangu sasa: siku ile nitachagua baba. Udongo haukunipita hata mu kichwa. Mutoto anajua nini juu ya udongo? Udongo uko popote. Baba njo hakukuwa.

Basi nikaanza kubachunguza kama mutu mwenye ananunua mbuzi. Paluku, hapana: na zile sala zake tungekufa njaa. Kambale, hapana kabisa. Kakule, ndiyo. Kakule alikuwa anajua kupiga mbinja ya ndege yoyote. Ndege ya Rughenda ikitaka kutua, alikuwa ananiweka ku mabega na tunakimbia pamoja ku ukingo, yeye akipiga kelele kuliko mimi. Nikamufuata mahali alikuwa anapasua kuni.

"Baba mudogo, kijiti yako utaikata ku muti gani?"

"Ya nini? Unataka kuniibia?"

"Hapana. Ninataka wewe uje kwetu."

Alicheka mpaka shoka likamuanguka. "Nitakuja, mukubwa! Mama yako amepika nini?"

Akadhani ninamualika kula. Mimi nikadhani tumepatana. Aliniambia atakata muakasia, na nikakaa siku yote ninapapasa matawi ya muakasia na macho yangu yamefungwa, kisha ya kalipitusi, kisha ya kahawa, mpaka vidole vyangu vilijua ganda la kila muti.

Mama hakuniambia kitu. Yeye alikuwa na vita yake, na niliisikia nusu tu. Shangazi Katungu, dada mukubwa wa baba, alikuja kumusaidia kuchagua maharagi. Alikuwa mwanamuke munene mwenye sauti ya kengele, na hata siri alikuwa anaisema kama tangazo.

"Kakule bado kijana," shangazi akasema. "Ikimuangukia yeye, ni bahati."

"Mimi sitaki kuangukiwa na mutu," mama akasema.

"Basi urudi kwenu Lubero. Lakini batoto ni ba hapa, watabaki. Unajua."

"Ninajua."

"Sasa? Iko njia ya tatu?"

Mama akaokota kijiwe mu maharagi, akakitupa inje. "Nipitishie ile ungo," akasema.

Ile siku ya kugawa mulima ulikuwa na ukungu mpaka huwezi kuona migomba. Bakanivalisha kabuti. Ilifika chini, ikaburuta majani, na mikono yake balikunja mara nyingi mpaka ikakuwa minene kama magunia ku vifundo vyangu. Ndani mulikuwa babu bado: tumbaku, moshi, na ile harufu ya mutu muzee mwenye analala karibu na moto. Nilikuwa ninatembea ndani yake kama mu nyumba.

Nduguze baba bakaleta vijiti vyao. Halafu baba mukubwa Paluku akafanya jambo lenye liliniua: akatosha kisu, akavichuna vyote ganda, akavikata urefu moja. Vikawa vyeupe, laini, sawa sawa. Akaviandika na mukaa: chake musalaba, cha Kambale mustari moja, cha Kakule mistari miwili. Vidole vyangu vilikuwa vimesoma bure. Ninawaambia ukweli, nilifeli mutihani mbele ya kuingia mu darasa.

Alipotaka kuvitia mu mufuko, mama akatoka mu ukungu. Alikuwa amevaa kitambaa cha kilio na alikuwa na kijiti mu mukono, kimechunwa, urefu ule ule.

"Na hiki," akasema.

Paluku akakiangalia kama mutu mwenye ameona nyoka mu kanisa. "Hiki ni cha nani?"

"Cha Kasereka. Nilikikata ku avoka yenye alipanda nyuma ya nyumba."

"Shemeji," Paluku akasema polepole, "mufu haweke kijiti."

Na Kambale: "Aweke kijiti, kisha kesho alime na nini? Na mifupa?"

Mama hakumuangalia Kambale. Aliangalia kabuti, na mimi ndani yake.

"Shemeji Paluku, leo nani anagawa?"

"Baba anagawa. Unamuona pale."

"Yeye ni muzima?"

Paluku akageuza vijiti vyake mu mukono.

"Nimeuliza tu. Kama mufu anaweza kugawa, kwa nini mufu hawezi kupokea? Ninyi njo mumesema babu yuko hapa na anatembea. Basi na Kasereka yuko. Ama sivyo mumuvulishe mutoto kabuti, tuende na kamba kwa chef wa localité, mukubwa wa kijiji, apime yeye."

Hakuna mutu alitaka chef na kamba yake. Shangazi Katungu akapiga makofi moja tu, paa, kama mutu mwenye anaua mbu, akasema: "Yesu wangu! Mumujibu basi."

Bakaenda pembeni bakasemezana. Paluku aliporudi, uso wake ulikuwa umefunga. "Itaingia," akasema. "Lakini sikia vizuri. Mulima utakuwa sehemu ine. Ile yenye Kasereka atapata njo utakaa, wewe na batoto, chini ya jina lake, na hakuna ndugu atakusumbua. Kama ni nyumba, ni nyumba. Kama ni majimaji, ni majimaji. Nyumba ikienda kwa mwingine, unatoka mu nyumba leo leo. Hautalia."

"Sitalia."

"Na alama yake?"

"Haina alama. Yenu yote iko nayo, yake itajulikana."

Hivi njo mama yangu aliweka nyumba yake, migomba yake, na kaburi la bwana wake lenye lilikuwa mu migomba, yote mu mufuko wa mutoto mwenye hakujua hata mambo inasema nini. Siku hizi ninaona batu banasainisha contrat mbele ya notaire banatetemeka. Yeye hakutetemeka. Mimi, na majivuno yangu yote, ile kitu hata siku moja sikuifanya.

Tukapanda. Sehemu ya kwanza ilikuwa kichwa cha mulima: mawe, visiki vya kalipitusi, na upepo. Hata mbuzi zilikuwa zinakaa pale kidogo kisha zinashuka. Nikaingiza mukono, nikatosha cheupe kisicho na alama, nikakisimamisha kati ya mawe. Kilianguka, nikakisimamisha tena.

Nikasikia Kambale anacheka mu pua. "Mufu amepewa mawe. Vizuri, hatachoka kulima."

Mama hakusema kitu. Alifunga kitambaa chake vizuri ku kichwa. Mimi sikuelewa kwamba imekwisha, kwamba nyumba imeenda. Kwangu mimi kazi ilikuwa bado kuanza.

Tukashuka ku sehemu ya pili, kwetu. Kuku wetu walikuwa ku mulango. Nikaingiza mukono, vijiti vitatu vinalala mu pembe ya mufuko na vyote ni sawa. Nikaita babu mu roho yangu. Nikavuta kimoja. Nikakiangalia: mistari miwili.

Ni hapo niliharibu kanuni. Hata sikukisimamisha. Nikakimbia na ile kabuti, nikaanguka, nikaamuka, nikamushika Kakule ku magoti na nikapiga kelele mulima mzima ukasikia:

"Papa! Papa! Ni wewe papa!"

Mukifikiri balicheka, hapana. Bote balisimama kama miti. Ukungu ulikuwa unapita katikati yao. Kakule alikuwa na mikono hewani, hajui aiweke wapi. Nilimuangalia mama na sikujua kwa nini ameweka mukono ku kinywa.

Kambale njo alitangulia. "Mumesikia? Mumesikia wenyewe? Bijiti ni bijiti, lakini sasa marehemu amesema na kinywa. Amemupatia Kakule batoto. Basi nyumba na mwanamuke ni ya Kakule, na ile sehemu ya juu irudi, tutaigawa sisi. Si shemeji alitaka wafu baongee? Wameongea."

Paluku alianza kutikisa kichwa, ile ya kukubali. Niliona mama ameangalia njia ya kwenda Lubero, hapa hapa, mbele ya batu, kama vile mutu anapima itamuchukua saa gani.

Na shangazi Katungu akaanza kucheka. Alicheka polepole kwanza, tumbo peke yake, kisha ikapanda.

"Kambale wee. Nani amesema papa?"

"Baba. Si amevaa kabuti?"

"Baba amemuita Kakule papa? Kakule ni mutoto wake! Mutu anamuitaka mutoto wake papa?"

"Kuna batu banaita..."

"Batu, ndiyo. Baba yetu? Tangu Kakule anazaliwa, baba alimuita namna gani? Sema, Kambale. Sema mbele ya batu."

Kambale akachana jani la mugomba.

"Alimuita Muvivu!" shangazi akapiga kelele. "Asubuhi Muvivu, mangaribi Muvivu! Siku ya kufa aliuliza, Muvivu amefunga mbuzi? Kama ingekuwa baba anasema, tungesikia Muvivu. Huyu ni mutoto tu. Mumuache."

Hapo njo balicheka, hata Paluku, na catéchiste hakuwa mutu wa kucheka. Kakule alicheka kuliko bote, na kisha akafuta macho na akasema, sauti yake haikukuwa tena ya michezo: "Na mimi ninasema hivi. Nina muchumba kule Musienene. Nyumba ninaichukua, juu baba amenipatia. Batu ba Kasereka sikupewa. Baende ku sehemu yao."

Paluku akaniokota, akanipanguza matope ku uso na mukono wake mugumu. "Simamisha kijiti," akaniambia. Nikakisimamisha. Sikuona tena vizuri, machozi ilikuwa imejaa, juu nilikuwa nimemushika baba mukononi na akaniponyoka mbele ya batu bote. Kahawa ikaenda kwa Kambale, bonde kwa Paluku. Vile vijiti vya mwisho nilivitosha bila hata kuviangalia.

Musingojee niwaambie kwamba ile mawe ilikuja kuwa dhahabu. Hapana. Mawe ilibaki mawe. Tulikaa pale mu nyumba ya matete, upepo unaingia upande moja unatokea upande ingine, na mama alikuwa anabeba udongo na kitunga toka chini ili apate mahali pa kupanda viazi. Dada zangu bakaolewa toka pale. Mimi nilitoka pale na pompi yangu. Leo mvua imekula nusu ya kile kichwa cha mulima, korongo linafika karibu na mulango, na kila mwaka ninapeleka batu ba kupanda mianzi na kila mwaka inabomoka. Batu benye kunijua mu Butembo banashangaa: mutu kama wewe, unapoteza nguvu ku mawe? Nina parcelle, kiwanja, mu Butembo, nina parcelle hapa Beni, zote na karatasi yake, na kwa kila moja nilisimama mu bureau ya serikali mbele ya mutu mwenye hakuinua macho. Nimechoka na bureau. Nimechoka na barrière za ku njia, na habari mbaya kila asubuhi juu ya barabara, na kulala na simu ku sikio. Lakini ile mawe siuzishe. Mama alikufia pale, mu kitanda chake, na hakuna mutu hata siku moja alimuambia toka.

Ninawaambia mwisho wa ile siku, kisha niache.

Mu mangaribi bakapanda tena mulima kwa kupanda miti ya mipaka. Munajua ule muti wa mupaka, wenye majani marefu kama panga, ukiukata unachipuka, ukiuchoma unachipuka. Kwetu jirani bawili banaushika pamoja, kila mutu mukono moja, na mukubwa wa jamaa anakanyaga udongo ku mizizi. Kabla hajakanyaga, ule si mupaka, ni muti tu. Na mwanamuke hakukuwa anashika muti ule. Kambale alikuwa ameisha shuka kwake. Kakule akashika upande wake, akangoja. Mama akainama, akashika upande wa Kasereka na mukono wake mwenyewe, vidole vya mulimaji, vyeusi ku kucha. Hakuomba ruhusa.

Paluku alisimama. Aliangalia ule mukono. Niliona ndege ya Rughenda inageuka mu mawingu na hata Kakule hakuinua kichwa. Kisha Paluku akavua kofia yake, na akaleta muguu, na akakanyaga. Akakanyaga upande wa Kakule, akazunguka, akakanyaga upande wa mama, kwa nguvu, kama mutu mwenye ana hasira na nchi, mpaka matope yakapanda ku suruali yake ya kanisa. Akaenda bila kuaga.

Tukabaki sisi bawili na upepo. Mama alikuwa angali amechuchumaa, mukono ku muti. Mimi nilikuwa na swali moja lenye lilinikaa ku shingo tangu asubuhi, na sasa hakukuwa mutu mwingine wa kuliuliza.

"Mama, sasa baba yangu ni nani?"

Aliniangalia, na niliona ginsi mambo yote ya zile siku inapita mu macho yake na inafika mahali pake: matawi yenye nilikuwa ninapapasa, Kakule, kelele yangu. Akanivuta karibu, na akanionyesha kile kijiti cheupe kati ya mawe.

"Baba yako ni ule ule," akasema. "Shika jembe."